Bale, Kazi ya Kifundo cha Mguu

Hapa Luberizi, mashariki mwa Kongo, ukisikia watu wanasema bale imefika, toka nje uangalie. Ni kundi la ngoma: vijana wenye njuga miguuni, akina mama waliovaa vitenge vya sare, wapiga ngoma mbele yao. Wameitwa kwenye harusi, au kuna kiongozi anayepita kwenye barabara ya Uvira na Bukavu, na lazima apokewe. Neno lenyewe tulilipata kwa Kifaransa, na lina historia ya heshima. Keita Fodéba wa Guinea alianzisha kundi lake la Ballets Africains mjini Paris mwanzoni mwa miaka ya 1950. Guinea ilipopata uhuru mwaka 1958, kundi hilo likawa la taifa, na nchi nyingine za Afrika zikaunda ya kwao. Ndiyo maana kwetu bale ni ngoma ya asili iliyopangwa ili itazamwe.

Wiki chache zilizopita nilikuwa nikitibu kifundo cha binti wa miaka 16 anayecheza katika kundi la namna hiyo. Aliruka vizuri, akatua vibaya, kwenye udongo wa kiangazi ulio mgumu kama saruji. Wakati namfunga bandeji alinionyesha video kwenye simu yake: mwanamke amesimama juu ya ncha za vidole, mguu mwingine umeinuka nyuma kama mkia wa ndege. “Dokta, hii nayo ni bale? Na ni kazi, wanalipwa?”

Siku ile nilimjibu kwa neno moja. Leo namjibu kwa kirefu, kwa sababu swali lake ni la maana kuliko alivyodhani.

Ni kazi, yenye mkataba, mshahara wa kila mwezi na ngazi za kupanda. Katika Opera ya Paris, ambayo shule yake ya bale ilianza mwaka 1713, ngazi ni tano. Mchezaji mpya huanzia chini, miongoni mwa wale wanaocheza nyuma kwa pamoja, ambako sifa yake kubwa ni kufanana na mwenzake. Wa juu kabisa huitwa étoile, yaani nyota, na cheo hicho hutolewa na uongozi, mara nyingine palepale jukwaani onyesho likiisha.

Safari ya kufika huko huanza utotoni, kwenye umri wa miaka minane hadi kumi. Sababu iko kwenye mifupa. Bale hutaka mguu mzima ugeuke kuelekea nje, na mgeuko huo unapaswa kutoka nyongani, pale mfupa wa paja unapoingia katika kikombe chake. Mtoto asiyeongozwa vizuri hugeuza wayo tu, na goti lake ndilo linaloumia. Viatu vya ncha navyo husubiri hadi miaka 11 au 12, baada ya mazoezi ya miaka kadhaa. Mkataba wa kwanza huja karibu na miaka 18. Hata baada ya hapo, kila asubuhi mchezaji hurudi darasani kwa saa moja na nusu hivi, ashike fito ukutani na kuanza upya na hatua zilezile za utotoni. Nyota naye yumo, bega kwa bega na wapya.

Kiatu chenyewe kinastahili kutazamwa kwa karibu. Wengi hudhani ncha yake ina mbao au chuma. Hapana: kwa kawaida ni matabaka ya kitambaa na karatasi yaliyopakwa gundi, yakakaushwa hadi yakawa magumu, kisha yakafunikwa satini. Mchezaji hushona riboni zake mwenyewe, hugonga kiatu ukutani ili kipunguze kelele, hukwaruza soli kwa kisu isiteleze. Jasho hulainisha gundi, na jozi inaweza kufa katika onyesho moja. Kwa miaka mingi viatu hivyo vilitengenezwa kwa rangi ya ngozi ya Wazungu. Wachezaji weusi walivipaka vipodozi, jozi baada ya jozi. Mwaka 2018 kampuni ya Freed of London ilishirikiana na kundi la Ballet Black kutoa viatu vya rangi ya kahawia. Kuchelewa huko kunaniuma, kwa kuwa kiatu ndicho kinachomwambia mtoto kama alitarajiwa.

Na watoto wetu wamefika. Michaela DePrince, yatima wa vita vya Sierra Leone, aliiona bale kwa mara ya kwanza kwenye jalada la jarida lililopeperushwa na upepo. Alikwenda kucheza Dutch National Ballet, Uholanzi, na alifariki mwaka 2024 akiwa na miaka 29. Joel Kioko alikulia Kuwinda, Nairobi. Somo lake la kwanza lilikuwa katika darasa la shule ya serikali, madawati yametolewa nje, bila kioo wala fito. Kutoka pale akafika shule ya English National Ballet, London. Hapa Kongo, Faustin Linyekula, mzaliwa wa Ubundu, alichukua njia nyingine. Alishiriki kuanzisha kundi la Gàara mjini Nairobi mwaka 1997, akarudi Kinshasa kuanzisha Studios Kabako mwaka 2001, kisha akaihamishia kazi yake Kisangani, akipanga ngoma za leo zinazozungumzia nchi yetu.

Mwisho wa kazi nao huja mapema. Kila mruko hutua kwa nguvu iliyo mara kadhaa ya uzito wa mwili. Mifupa ya wayo hupata nyufa ndogo, na kano ya kisigino huvimba. Opera ya Paris imekuwa na malipo ya kustaafu tangu enzi za mfalme Louis wa 14, na wachezaji wake hustaafu wakiwa na miaka 42. Serikali ya Ufaransa ilipotaka kuufuta mpango huo, wachezaji walitoka nje tarehe 24 Desemba 2019, wakacheza sehemu ya Swan Lake kwenye baridi, mbele ya jumba lao. Walijua wanachotetea. Yule binti niliyemtibu, kwa upande wake, hulipwa soda na nauli, na akivunjika, matibabu ni ya mama yake. Kwa miguu, wengi wa wale wa Paris hawampiti kwa mbali. Wanampita kwa sakafu ya mbao inayonesa, mwalimu wa kila asubuhi, mtaalamu wa viungo nyuma ya pazia, na karatasi iliyosainiwa.

Kuna kitu kimoja anacho tayari. Lugha ya bale duniani kote, Moscow hata New York, ni Kifaransa, naye anakijua: plié ni kukunja, tendu ni kunyoosha, jeté ni kurusha. Aliporudi kuangaliwa nilimwambia ashike nondo za dirisha, ainue visigino polepole na kushuka, mara 20, kila asubuhi. Nikamuuliza wachezaji wa Paris huliitaje zoezi hilo. Akafikiri kidogo, visigino vikiwa bado juu.

“Relevé,” akasema, akashuka polepole, akapanda tena.