Mbona Stima Hupotea Jioni? Fahamu Jinsi Umeme Unavyopangwa Marsabit

Kaunti yetu ina shamba kubwa la upepo, na nyaya za umeme kutoka Ethiopia hupita katika ardhi yetu. Hata hivyo, mkazi wa mji wa Marsabit anapowasha taa usiku, umeme wake kwa miaka mingi umetoka kwa jenereta za dizeli. Wakazi wengi huuliza: mbona tusitumie upepo wetu wenyewe? Na mbona stima hupotea saa ile ile tunayoihitaji zaidi? Makala hii inaeleza.

Umeme hauwekwi ghalani

Mahindi huwekwa ghalani na maji huwekwa kwenye tangi. Umeme wa mtandao hutumika papo hapo unapozalishwa. Betri kubwa zipo, lakini ni ghali. Kwa hivyo kila dakika, umeme unaozalishwa lazima ulingane na unaotumika.

Mitambo ya Kenya huendeshwa kwa mizunguko 50 kwa sekunde. Matumizi yakizidi, mitambo hulemewa na mwendo wake hushuka. Ukishuka mno, vifaa vya kinga huizima ili isiharibike. Kabla ya kufika hapo, mhudumu wa kituo hulazimika kukata laini moja ili nyingine zibaki na stima.

Kaunti moja, mifumo minne

- Loiyangalani: Shamba la upepo lina mitambo 365 yenye uwezo wa jumla wa megawati 310. Umeme wake husafiri zaidi ya kilomita 400 hadi Suswa, Kaunti ya Narok, kwa nguvu ya volti 400,000, na huko huingia katika gridi ya taifa. Nyaya za nguvu hiyo haziwezi kuunganishwa na nyumba moja kwa moja. Ni lazima kwanza kijengwe kituo cha kupunguza nguvu, kisha laini ndogo za kusambaza. Ujenzi huo hugharimu pesa nyingi.

- Laini ya Ethiopia: Tangu Novemba 2022, Kenya hununua umeme kutoka Ethiopia chini ya mkataba wa miaka 25, ukianza na megawati 200. Laini hiyo ya volti 500,000 ina urefu wa kilomita 1,045, nayo pia huishia Suswa.

- Moyale: Mji huu umekuwa ukipata umeme wa Ethiopia kwa laini ndogo ya mpakani, mbali na ile laini kubwa. Kukitokea hitilafu upande wa pili, Moyale pia huathirika.

- Mji wa Marsabit: Huu umekuwa mfumo mdogo unaojitegemea. Jenereta za dizeli ndizo nguzo, na mitambo ya upepo ya kilowati 500 iliongezwa ili kupunguza matumizi ya mafuta.

Siku moja katika kituo kidogo

Mhudumu wa kituo cha aina hii hupanga siku yake kwa kutazama matumizi ya jana. Usiku wa manane watu wamelala, jenereta moja au mbili hutosha. Asubuhi ofisi, maduka na mashine za posho huanza kazi. Kuanzia saa kumi na mbili jioni, karibu kila nyumba huwasha taa, televisheni na pasi kwa pamoja.

Mhudumu lazima awashe jenereta nyingine kabla ya saa hiyo, wala si baada ya mzigo kufika. Lakini pia hawezi kuziwasha zote mapema, kwa sababu jenereta ya dizeli ikiendeshwa kwa mzigo mdogo kwa muda mrefu huchafuka ndani na kuharibika. Upepo nao unaweza kutulia ghafla, hivyo ni lazima abakishe nguvu ya akiba. Jenereta moja ikiwa kwenye matengenezo na nyingine ikipata hitilafu jioni, hana pengine pa kuchukua umeme. Mji uliounganishwa na gridi ya taifa husaidiwa na vituo vya Olkaria au mito ya Tana. Mfumo unaojitegemea hauna jirani wa kuuokoa.

Nani hulipa dizeli?

Lita moja ya dizeli hutoa takriban uniti tatu hadi nne tu za umeme. Kama mkazi wa Marsabit angelipa gharama hiyo peke yake, wengi wasingemudu. Ndiyo maana bei ya uniti ni moja nchini kote kwa wateja wa kiwango kimoja. Gharama ya mafuta hugawanywa kwa wateja wote kupitia malipo ya mafuta yanayoonekana kwenye bili au risiti ya tokeni. Malipo hayo hubadilika kila mwezi, na ndiyo sababu pesa zile zile huenda zisikupe uniti zile zile.

Mkazi afanye nini?

1. Piga pasi na upige maji kwa pampu mchana. Pasi moja ya wati 1,000 hula umeme wa balbu zaidi ya 100 za wati 9.
2. Mafundi wa kuchomelea vyuma, epukeni kazi nzito kati ya saa kumi na mbili na saa nne usiku.
3. Stima ikipotea, zima friji, pasi na televisheni, uache balbu moja tu. Vifaa vyote vikisubiri vimewashwa, mzigo hurudi kwa kishindo na laini inaweza kukatika tena.
4. Usiguse waya ulioanguka hata kama mtaa mzima ni giza. Ripoti kwa Kenya Power kupitia nambari 97771 au *977#.

Suluhisho la kudumu ni kuongeza jua, upepo na betri katika vituo vyetu, au kuiunganisha miji yetu na gridi ya taifa. Sheria ya Kawi ya 2019 inataka kila kaunti iwe na mpango wake wa kawi. Mikutano ya kukusanya maoni kuhusu mpango huo inapoitishwa katika wadi yako, hudhuria. Taja shule, zahanati na visima vinavyohitaji umeme kwanza, kwa sababu laini hujengwa kwa kufuata mahitaji yaliyoandikwa.