Usuli wa Maudhui ya Ukabila: Mtu wa Garissa Ametoka Wapi?

Mwanafunzi akisoma Nguu za Jadi yake Clara Momanyi hukutana na Wakule na Waketwa, kisha huharakisha kuandika kwamba ukabila ni mbaya. Ni kweli, lakini alama hazipatikani kwa urahisi huo. Jiulize kwanza: kabila lenyewe huundwa vipi? Tutazame Garissa.

Ukiuliza Nairobi utaambiwa kwamba watu wa Garissa ni Wasomali. Walio wengi ndio, hasa wa koo za Abdwak, Abdalla na Aulihan. Ila hebu teremka hadi ukingo wa Mto Tana. Hapo wapo Wamunyoyaya, wakulima na wavuvi, Waislamu kama jirani zao, ambao lugha yao ya asili inakaribiana na Kioromo. Jirani zao Wailwana, waitwao pia Wamalakote, husema lugha ya Kibantu iliyojaa maneno ya Kioromo. Kusini, karibu na msitu wa Boni, Waaweer walizoea kuwinda na kurina asali, na lugha yao ni ndugu ya Kisomali.

Mchanganyiko huu una historia. Kabla ya Wasomali kuvuka Mto Juba kwa wingi katika karne ya 19, sehemu kubwa ya nchi iliyo kati ya Juba na Tana ilikuwa malisho ya Waoromo. Baadhi yao walisukumwa hadi Tana, na Waorma wa leo ni wajukuu wao. Wengine walibaki, wakajiunga na koo za Kisomali, na vizazi vilivyofuata vikabadili lugha. Wasomali wana neno sheegat: mtu anayejitaja kuwa wa ukoo ambao hakuzaliwa ndani yake, ili apate ulinzi, maji na malisho. Zingatia neno hilo. Linaonyesha kwamba nasaba, tunayodhani ni damu tupu, wakati mwingine ilikuwa mapatano. Huko Wajir na Mandera, Waajuran na Wagarre wengi hujiita Wasomali, na nyumbani huzungumza Kiborana.

Dadaab, ambako kambi zilifunguliwa mwaka 1991, walikuja pia Wabantu wa Somalia. Baadhi yao walizungumza Kizigua! Mababu zao walichukuliwa utumwani kutoka upande wa Tanga katika karne ya 19, wakatoroka na kujificha kando ya Juba. Wengine wamerudi Handeni na kupewa makao Chogo. Zaidi ya 10,000 walipelekwa Marekani kuanzia miaka ya 2000.

Sasa, haya yana uzito gani? Mwaka 1989 serikali iliwapiga msasa Wasomali wa Kenya na kuwapa kadi maalumu. Mtu alitakiwa kutaja ukoo wake mbele ya wazee, na aliyeshindwa aliweza kuhesabiwa mgeni. Fikiria mjukuu wa sheegat, au kijana asiye na ukoo mkubwa wa kumtetea. Msasa wa ziada kwa waombaji vitambulisho uliendelea kwa miaka mingi, hadi Februari 2025 Rais William Ruto alipotangaza Wajir kwamba umefutwa.

Zoezi: Waulize wazee wawili wa mtaa wako lugha waliyozungumza babu zao. Kisha jadili: "Ukabila katika riwaya ni zao la uongozi wala si la damu." (alama 20)