Gharama ya Kufikisha Vifaa Vizito Mikinduri

Meru haina reli. Njia ya reli iliyo karibu zaidi huishia Nanyuki, kwa hiyo nondo, saruji, mabomba na mashine zinazokwenda Mikinduri, kwenye miteremko ya milima ya Nyambene, hufika kwa barabara. Kwa vifaa virefu au vizito sana, gari linalofaa ni trela wazi: sakafu ndefu isiyo na kuta wala paa. Nondo ya kawaida ina urefu wa mita 12. Lori fupi la magurudumu 10 haliipokei mpaka ikunjwe katikati, kisha fundi alipwe kuinyoosha, na pale ilipopindwa haiwi tena chuma kile kile. Kwenye trela wazi hulala sawa, ikapakiwa kwa kreni kutoka juu au kwa foklifti kutoka ubavuni.

Bei ya mzigo wa aina hii hutokana na uzito, si nafasi. Tani 28 za nondo ni chini ya mita 4 za ujazo za chuma. Trela huonekana karibu tupu ilhali limeshajaa kisheria. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2013 kuhusu uzito wa magari huruhusu tani 8 kwa ekseli ya mbele, 18 kwa ekseli mbili zilizoungana na 24 kwa tatu. Trela la ekseli sita basi halipiti tani 50, na ukitoa uzito wa gari lenyewe hubaki takriban tani 28 hadi 30 za mzigo. Jumla ikiwa sawa, bado mzigo uliorundikwa nyuma unaweza kuzidisha ekseli moja, na mizani hukamata makosa yote mawili. Mteja anayeahidiwa nafuu kwa kuongezewa tani chache anapaswa kukataa. Majaribio ya barabara yaliyofanywa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1950 yalionyesha kwamba madhara kwa lami hupanda kwa kasi kuliko uzito wenyewe: ekseli iliyozidi kwa asilimia 20 huichakaza barabara takriban maradufu.

Kisha huja dizeli. Kutoka viwanda vya saruji vya Athi River hadi Mikinduri ni kilomita zipatazo 280. Tuseme trela lililojaa huenda kilomita 2 kwa lita, na likiwa tupu kilomita 3.5: kwenda lita 140, kurudi 80, jumla 220. Kwa tani 28, kila tani hubeba karibu lita 8. Trela hilo hilo likipakiwa tani 14 tu, dizeli hupungua kidogo, lakini dizeli ya kila tani hukaribia kuwa maradufu. Ndiyo maana majirani wanaojenga wakati mmoja hufaidika wakiagiza pamoja. Mabonde ya barabara ya Embu–Meru, hasa kwenye daraja la Nithi, huongeza matumizi ya dizeli na kuchosha breki. Bei ya dizeli nayo hutangazwa upya kila mwezi, na tangu Julai 2024 kila lita ina shilingi 25 za ushuru wa matengenezo ya barabara.

Hizo lita 80 za kurudi ndizo zinazostahili kujadiliwa zaidi na mwenye gari. Zao kuu la eneo hili, miraa, huondoka kwa pikapu ziendazo mbio kwa sababu hunyauka upesi. Majani ya chai hayataki mvua. Kinachofaa trela wazi ni mbao na nguzo za mikaratusi, na hizo hazipatikani kila siku. Pasipo mzigo wa kurudi, mnunuzi wa nondo hulipia safari mbili. Anayekubali kungoja siku chache mpaka lipatikane trela linalokuja kuchukua mbao ana haki ya kudai bei ya chini.

Bei ya “hadi Mikinduri” mara nyingi huishia kwenye lami. Mvua za Machi hadi Mei na za Oktoba hadi Desemba zikinyesha, udongo mwekundu wa njia za ndani huteleza, trela halithubutu kuingia, na mzigo huhamishiwa kwenye lori dogo la kanta au trekta. Vibarua hulipwa mara mbili kwa kazi hiyo, na muda ambao trela linasubiri nao hutozwa.