Uwatu ni wa mzazi au wa mja mzito?



Kuna swali ambalo kila mwaka naulizwa, kwa simu na hata arusini: "Mama katuletea kifurushi cha dawa kutoka nyumbani, na mke wangu ana mimba ya miezi mitano. Anywe au asinywe?" Kwa kuwa kazi yangu ni kufundisha famakolojia, naona bora nilieleze hapa kwa ukamilifu.

Kwanza tuwatendee haki wazee wetu. Wao hawakumpa mja mzito kila kitu. Uwatu, ambao ndugu zetu wa Oman huuita hulba, hasa ni wa mzazi: mwanamke hupewa akishajifungua, ndani ya arubaini, apate maziwa na nguvu zimrudie. Mafuta ya nyonyo yalingoja siku zitimie. Kila dawa ilikuwa na wakati wake, na mkunga ndiye aliyeujua wakati huo. Sasa huku ugenini dawa imefika lakini mkunga kabaki nyumbani. Mfuko umeandikwa tu "kwa kina mama", basi, mwenye mimba na aliyezaa wanakunywa kikombe kimoja.

Sayansi inawaunga mkono wazee. Uwatu kwa wingi hushusha sukari ya damu, na katika maabara umeonekana kusisimua misuli ya mji wa mimba wa wanyama. Tena mama akiula karibu na kujifungua, mtoto huweza kunuka utamu fulani unaofanana na dalili ya ugonjwa mmoja wa kurithi, madaktari wakaanza kuhangaika na vipimo bure. Kuhusu nyonyo, mwaka 2012 watafiti wa Ujerumani walionyesha kwa panya kwamba asidi iliyomo ndani ya mafuta hayo huamsha kipokezi cha prostaglandini kwenye misuli ya utumbo na ya mji wa mimba. Ndiyo maana huleta kuhara na kubana kwa pamoja. Kwa mimba ya miezi mitano hilo si jambo la kujaribu.

Je, tuogope hata pilau? Hapana. Kipimo cha jikoni ni kitu kimoja na kipimo cha dawa ni kingine. Mbegu chache za uwatu ndani ya achari hazina neno; vijiko vya unga wake kila asubuhi ni dawa, na dawa ina madhara yake. Tangawizi imejaribiwa vizuri kwa kichefuchefu cha mimba changa, na majaribio mengi hayakuzidi takriban gramu 1 ya unga kwa siku.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni zile chupa za "kuongeza damu". Wekundu wa juisi ya choya si madini ya chuma. Mja mzito ambaye himoglobini yake iko chini ya gramu 11 kwa desilita (10.5 katika miezi mitatu ya kati) amepungukiwa damu, na Shirika la Afya Duniani linapendekeza kila mja mzito apate miligramu 30 hadi 60 za chuma kwa siku pamoja na asidi ya foliki. Anayeacha vidonge akategemea chupa anaweza kufika siku ya kujifungua akiwa hana akiba ya damu, na hapo hata kutokwa na damu kidogo ni hatari. Udongo wa kutafuna nao uachwe: mamlaka za afya za Uingereza zimeonya kwamba una risasi na aseniki.

Wala tusidanganyike na lebo nzuri za madukani. Marekani, kwa sheria ya mwaka 1994, mwenye kuuza virutubisho vya mitishamba halazimiki kuithibitishia serikali usalama wake kabla ya kuviuza.

Ushauri wangu ni huu. Wake zetu na binti zetu wengi humficha mkunga wa hospitali wakichelea kuchekwa. Wasifiche. Wachukue chupa yenyewe waende nayo, na jina la kitaalamu waliandike: uwatu ni Trigonella foenum-graecum, nyonyo ni Ricinus communis, habasoda ni Nigella sativa. Akisoma hayo ataelewa. Na ile isiyojulikana ndani yake mna nini, isinywewe kabisa mpaka mtoto azaliwe. Na akizaliwa, mama anayenyonyesha aulize tena.

Mwenye la kuongeza au kunikosoa, uwanja ni wenu.

Wassalaam.