Kwaresima: Usimwache Mkatekumeni Wako Njiani

Kwaresima huku kwetu hutukuta na jembe mkononi. Jumatano ya Majivu ikifika, kutoka Bahati mpaka Molo watu wanatayarisha mashamba na kuangalia mawingu. Mbegu bado kununuliwa, mbolea bado, karo ya watoto haijaisha. Basi mtu anauliza: sasa hii Kwaresima nitaifanya saa ngapi?

Swali hilo ni la haki. Lakini wengi wetu tunafikiri Kwaresima ni kuacha nyama na kufuata Njia ya Msalaba siku ya Ijumaa, basi. Kuna kazi nyingine, na ni ya zamani sana. Katika Kanisa la kwanza, siku hizi 40 zilikuwa za matayarisho ya mwisho ya wale watakaobatizwa usiku wa Pasaka. Wakristo wengine walifunga pamoja nao, kama vile majirani wanavyokesha na mwenye mgonjwa. Utaratibu huo wa kuwapokea watu wazima ulififia kwa karne nyingi, halafu baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano Roma ikautoa upya mwaka 1972. Ndio tunaoufuata leo.

Unaendaje? Jumapili ya kwanza ya Kwaresima wakatekumeni wanaitwa kwa majina mbele ya askofu au anayemwakilisha. Hapo msimamizi anaulizwa mbele ya watu wote kama huyu mtu amesikia Neno la Mungu na kuanza kuliishi. Msimamizi anajibu kwamba ndiyo. Kisha Jumapili ya tatu, ya nne na ya tano wanaombewa kwa namna ya pekee, na kunasomwa Injili za mwanamke Msamaria kisimani, kipofu aliyeponywa, na Lazaro aliyetolewa kaburini. Katika Mkesha wa Pasaka wanabatizwa, wanapewa Kipaimara na kupokea Ekaristi.

Hebu turudi kwa lile jibu la msimamizi. Mimi mwenyewe nimewahi kulitoa nikiwa mwongo. Katekista aliniomba nimsimamie kijana mmoja wa kibarua. Nikakubali kwa sababu ilikuwa heshima, na kukataa kungeonekana vibaya. Niliulizwa, nikajibu kwa sauti kubwa, na kumbe sikujua hata analala wapi. Nilimnunulia rosari. Picha tukapiga. Kufika Pentekoste kijana hakuwa anaonekana kanisani, na mimi nilikuwa wa mwisho kugundua. Baadaye nilisikia kwamba aliugua mwezi wote wa Mei katika chumba cha kukodi, na hakuna mtu wa kanisani aliyebisha hodi. Sikuwa na la kusema.

Sheria ya Kanisa haidai mambo makubwa kwa msimamizi. Awe ametimiza miaka 16, awe Mkatoliki aliyepata Kipaimara na Ekaristi, aishi kulingana na imani, na asiwe baba au mama wa anayebatizwa. Haikusemwa awe tajiri, wala awe mwenyekiti wa kitu. Huku kwetu tunapenda kuchagua mtu mwenye mfuko, ati atatoa zawadi nzuri. Afadhali mama jirani anayepita nyumbani kwako kila siku akienda kuteka maji.

Nyinyi wa vikundi mnaijua hii kazi kuliko mnavyofikiri. Mgeni akijiunga na chama, hamumpi katiba asome halafu mumwache. Anakaa karibu na mweka hazina, anaona pesa zikihesabiwa, anaonyeshwa kitabu, anaulizwa hali ya nyumbani. Kukamua ng'ombe pia hakuna aliyejifunza kwa hotuba. Unashika mkono wa mtoto, ng'ombe anapiga teke, maziwa yanamwagika, mnaanza tena. Kumlea mtu katika imani ni hivyo hivyo. Mafundisho ni ya katekista. Wewe kazi yako ni kumwonyesha Mkristo anaishije siku ya Jumanne.

Kwa mfano, kufunga. Mkatekumeni anasikia tu kwamba Wakatoliki wanafunga. Mweleze vizuri: Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu ni siku za kufunga kwa wenye miaka 18 mpaka 59, yaani mlo mmoja kamili na mingine miwili midogo. Nyama ni kuanzia miaka 14. Mgonjwa na mama mjamzito hawabanwi. Halafu mwite ale nawe ule mlo mmoja, na kile mlichookoa mkipeleke pamoja kwa mgonjwa. Hapo amefahamu kufunga na sadaka kwa siku moja.

Mahali pa pili ni jumuiya. Maaskofu wa AMECEA waliamua mwaka 1973, na tena 1976, kwamba Kanisa la Afrika Mashariki lijengwe juu ya jumuiya ndogo ndogo za Kikristo. Wakati wa Kwaresima jumuiya zinatumia kijitabu cha Kampeni ya Kwaresima cha Tume ya Haki na Amani ya maaskofu wetu. Kila juma kuna picha, hadithi na maswali, na mnaendelea kwa hatua za kuona, kuamua na kutenda. Mpe mkatekumeni picha aieleze yeye kwanza, kabla ya wazee kusema. Mara nyingi ataona jambo ambalo nyinyi mmezoea kulipita.

Hapa kwetu kuna jambo gumu ambalo lazima tuliseme. Jumuiya inakutana nyumba kwa nyumba, na katika bonde hili nyumba zina historia. Molo ilichomwa mwaka 1992. Januari 2008 Nakuru na vijiji vyake vikaona moto tena. Askofu Raphael Ndingi, aliyeongoza jimbo hili kuanzia 1971 hadi 1996, alikemea mapigano yale waziwazi wakati wengi walikuwa wananyamaza. Alifariki Machi 31, 2020, ndani ya Kwaresima. Je, mkatekumeni akija kwenye jumuiya yako ataona nini? Kama ni watu wa lugha moja tu, na sala zikiisha mnaanza kusengenya wale wa ng'ambo ya mto, amejifunza katekisimu nyingine kabisa. Msimamizi anaweza kuanza na kidogo: ampeleke kwa sala katika nyumba ambayo yeye mwenyewe hajaingia miaka mingi. Watatembea wote wawili wakiogopa. Si neno.

Halafu Pasaka inapita, na hapa ndipo tunapoteza watu. Kanisa limeweka siku 50 mpaka Pentekoste ili waliobatizwa wapya waendelee kushikwa mkono, lakini sisi tunaona kazi imekwisha. Tena ni wakati wa kupalilia, kila mtu yuko shambani. Basi panga mapema, kabla ya Jumapili ya Matawi. Mkubaliane na jumuiya nani atapita kwa mbatizwa juma la kwanza, nani la pili. Mpeni kazi ndogo: kusoma somo, kufungua kanisa, kuandika majina ya wagonjwa. Katibu aandike zamu hizo katika kitabu kile kile cha kikundi, karibu na michango, ili asiyekwenda aulizwe kama vile anavyoulizwa asiyelipa. Na ujue nyumba yake iko wapi, hata usiku uweze kuifikia.