Martin Jenkins, mwalimu aliyetafuta watoto wa akili nyingi

Mu miaka ya 1930, huko Chicago, Marekani, kijana mmoja mweusi alipita mu masomo saba ya watoto weusi. Aliuliza walimu ni mtoto gani mu darasa iko na akili kupita wenzake. Jina lake Martin Jenkins.

Wakati ule wataalamu wazungu wengi waliandika kama akili ya mtu mweusi inafika pahali fulani, kiisha inasimama. Walipima weusi na weupe, wakalinganisha wastani, basi, mambo imekwisha. Na wakikuta mtoto mweusi anayepita wote, walisema ni juu ya damu ya kizungu iko ndani yake.

Jenkins hakubishana nao juu ya wastani. Yeye alitafuta wale wa juu kabisa. Alizaliwa mwaka 1904 Terre Haute, mu jimbo la Indiana, akasoma Howard, iniversite ya weusi mu Washington, halafu akaenda Northwestern, karibu na Chicago, kwa profesa Paul Witty. Udaktari aliupata mwaka 1935.

Watoto waliotajwa na walimu alikuwa anawapima kwanza kwa kikundi, halafu mmoja mmoja, kwa teste ya Binet. Katikati ya teste ile ni 100. Alipata watoto 103 wa 120 na zaidi. Kati yao wasichana 72, wavulana 31! Wazazi wanaosema binti asome kidogo tu, kiisha aolewe, waiangalie hesabu hiyo vizuri.

Mmoja wa wasichana, wa miaka 9, alipata 200. Ni kusema alijibu kama mtu wa umri mara mbili ya umri wake. Wazazi wakaulizwa mambo ya ukoo: hakuna babu wala bibi mzungu waliyemjua, upande wa baba wala wa mama. Jamaa za watoto wengine pia ziliulizwa, na mchanganyiko wa damu ukaonekana sawa tu na wa weusi wengine wa Marekani. Neno la damu likaanguka.

Kwetu Kongo teste za akili zilifika na wazungu pia. Mu miaka ya 1950 zilitumika kuchagua wafanyakazi wa migodi ya Katanga. Walitafuta mikono ya kazi. Kumtafuta mtoto anayenyamaza nyuma ya darasa, ili aende mbele, hiyo ilikuwa kazi ingine.

Kuanzia 1938 Jenkins alifundisha Howard. Mwaka 1943 aliandika juu ya watoto weusi wa 160 na zaidi, na mwaka 1948 juu ya mpaka wa juu wa akili ya weusi wa Marekani. Alionyesha kama mpaka ule hauko mu rangi ya mtu. Kizuizi kiko mu maisha ya ubaguzi anamokomalia. Mwaka uleule akawa mkubwa wa Morgan State, masomo ya juu ya weusi mu Baltimore, na aliiongoza mpaka 1970. Alikufa mwaka 1978.

Yule binti wa 200, jina lake halikuandikwa. Mu maandishi ya Witty na Jenkins anaitwa B tu.