Saa ya kidijitali ya Second Life: iweke isome saa za Kenya, na usiipe ruhusa ya kugusa pesa zako

Tuseme uko Nakuru, tarehe 14 Novemba, saa mbili na dakika ishirini asubuhi. Umetumia kadi yako ya malipo ya mtandaoni kununua Linden, zile pesa za Second Life. Ujumbe unaingia kwenye simu: pesa zimetoka tarehe 14, 8:20 AM. Unafungua orodha ya miamala ya Second Life na unakuta malipo hayohayo yameandikwa tarehe 13, 9:20 PM. Hapo ndipo mtu anaanza kujiuliza kama kuna mkora aliyenunua kabla yake, ama kama amekatwa mara mbili.

Hakuna aliyekuibia. Second Life ilifunguliwa mwaka 2003 na kampuni ya Linden Lab ya San Francisco, na mpaka leo inafuata saa za huko kwao, pwani ya magharibi ya Marekani. Wenyeji wa Second Life huziita SLT. Rekodi za pesa, mnada, tamasha, siku ya kulipa kodi ya nyumba yako ya mtandaoni, zote huandikwa kwa SLT. Ofa ikiisha "saa sita usiku" huko, hapa Kenya ni saa nne asubuhi, ama saa tano, kulingana na mwezi. Na ukidhani utaangalia jua la mle ndani ujue saa, pole. Kwa mpangilio wa kawaida, siku nzima ya Second Life huisha kwa saa nne za kawaida: saa tatu za mchana na moja ya usiku. Mwenye ardhi pia anaweza kulisimamisha jua lisizame kabisa.

Ndiyo maana watu hununua saa ya kidijitali na kuitundika ukutani.

Ndani ya saa yenyewe kuna nini

Hakuna mashine ya ajabu. Kuna picha moja yenye tarakimu 0 hadi 9, na nafasi za kuonyesha tarakimu hizo. Skripti, yaani programu ndogo iliyo ndani ya kitu, husogeza ile picha nyuma ya kila nafasi mpaka tarakimu inayotakiwa ijitokeze. Ni kama kibao cha bei pale petroli, ila hakuna mtu wa kupanda ngazi. Rangi, ukubwa, fremu, saa 12 au saa 24, tarehe ionekane au isionekane: hivyo ndivyo unavyobadilisha. Saa nyingi hukupa menyu ukizigusa. Nyingine zina karatasi ndogo ya mipangilio ndani yake, unaifungua, unaandika unachotaka, unahifadhi, na skripti inaisoma upya.

Usikimbilie ile inayoonyesha sekunde. Saa ya dakika hubadilika mara moja kwa dakika, ya sekunde mara sitini, na kila badiliko lazima litumwe kwa kila aliye karibu. Second Life inakula bandozi vya kutosha bila hilo.

Kuhusu bei, dola moja ya Marekani kwa muda mrefu imekuwa ikinunua takriban Linden 250, ingawa kiwango hupanda na kushuka. Kwa hivyo saa ya Linden 250 ni kama dola moja. Lakini kununua Linden kuna ada yake, na kadi yako ina kiwango chake cha kubadilisha shilingi kuwa dola. Ukinunua Linden za dola moja moja, ada inaweza kuzidi bei ya saa yenyewe. Afadhali ujue utahitaji kiasi gani mwezi huu, ununue mara moja.

Kabla ya kulipa, angalia ruhusa za bidhaa. Ziko tatu: kubadilisha, kunakili, na kumpa mtu mwingine. Bila ruhusa ya kubadilisha, ile saa "ya kujitengenezea" utabaki kuitazama hivyohivyo ilivyo. Bila ya kunakili, ukiipoteza imeenda. Wauzaji wengi hukupa kunakili au kumpa mwingine, si zote mbili, kwa sababu ukiwa na zote utaweza kuchapisha saa mia na kuwauzia marafiki zake.

Weka +3 kutoka UTC, usihesabu kutoka SLT

Hapa ndipo wengi hukosea. Mtu anaona tofauti kati ya SLT na Kenya ni saa kumi, anaandika +10 kwenye mipangilio, na saa inasoma vizuri kuanzia Machi mpaka Oktoba. Novemba ikifika inachelewa saa nzima. Si kwamba saa imeharibika. Marekani hurudisha saa nyuma Jumapili ya kwanza ya Novemba na kuzisogeza mbele Jumapili ya pili ya Machi. Sisi hatufanyi hivyo. Kwa hiyo tofauti yetu na SLT ni saa kumi sehemu ya mwaka, na saa kumi na moja sehemu nyingine.

Skripti ya Second Life inaweza kusoma wakati kwa njia mbili. Moja inauliza zimepita sekunde ngapi tangu usiku wa manane wa California. Nyingine inasoma UTC, ile saa ya dunia isiyobadilishwa na majira. Kenya iko saa tatu mbele ya UTC, mwaka mzima. Chagua saa inayokuruhusu kutumia UTC, andika +3, na hutaigusa tena. Kama maelezo ya muuzaji yanataja SLT peke yake, muulize kabla ya kulipa. Hata kama utaruhusiwa kubadilisha rangi na fremu, mara nyingi skripti yenyewe imefungwa, kwa hivyo hesabu mbaya utaishi nayo.

Na kama unataka saa inayosoma Kiswahili? Inawezekana, na wengi hawajui. Tunaposema saa moja asubuhi, saa ya ukutani inaonyesha 7:00, yaani tunatoa sita. Sasa chukua +3 ya Kenya, utoe sita, unabaki na -3. Weka saa yako kwenye UTC -3, muundo wa saa 12. Ikifika saa moja asubuhi hapa, itaonyesha 1:00. Saa kumi na mbili jioni itaonyesha 12:00. Tena zile herufi AM na PM zitajipanga zenyewe: AM itakuwa mchana wote kuanzia saa kumi na mbili asubuhi, PM itakuwa usiku. Kama saa yako inakubali kubadilisha maandishi, andika "mchana" na "usiku". Zima tarehe tu, kwa maana kwa mpango huu itageuka alfajiri badala ya usiku wa manane. Kwa kulinganisha rekodi za pesa, hata hivyo, tumia ile ya +3, kwa sababu ujumbe wa simu huandikwa 8:20 AM, si saa mbili na dakika ishirini.

Saa ikikuomba ruhusa ya kutoa pesa, kataa

Second Life ina ruhusa ambayo kitu kinaweza kukuomba: kutoa Linden kutoka akaunti yako. Kisanduku hutokea kwenye skrini, na onyo ndani yake, kikisubiri ukubali au ukatae. Kuna vitu vinavyoihitaji kwa haki. Mashine ya kuuzia bidhaa inayogawa faida kati yako na mwenzako inahitaji. Kisanduku cha kodi kinachomrudishia mpangaji pesa alizolipa zaidi, pia.

Saa haihitaji. Kazi yake ni kusoma wakati na kusogeza picha. Saa inayoomba ruhusa hiyo ni sawa na mtu akuuzie saa ya ukutani Gikomba halafu adai umpe PIN yako ndiyo mishale ianze kutembea.

Tena hii ni mbaya kuliko unavyoweza kufikiria ukiwa umezoea pesa za simu. Kwenye simu, kila unapotuma unaulizwa PIN upya. Kule ukishakubali mara moja, skripti inaweza kutoa leo, kesho, na usiku ukiwa umelala, bila kukuuliza tena. Usichanganye hilo na kulipa mwenyewe. Ukibonyeza kitu na kuchagua kulipa, ni wewe unayetuma, kiasi unakiona, na inaishia hapo.

Kama ulikubali bila kusoma, futa hiyo saa mara moja pale ulipoitundika, na kama ulitundika nakala kadhaa, zifute zote. Skripti haifanyi kazi kitu kikiwa hakipo nje. Halafu pitia orodha ya miamala utafute malipo usiyoyatambua, na uwaandikie Linden Lab.

Kuna mtego mwingine ulio karibu nasi zaidi. Mtu anakwambia anauza Linden kwa bei poa, tuma pesa kwa nambari hii. Nunua kwenye soko rasmi la Second Life, LindeX, hata kama huyo wa bei poa anaonekana mpole. Linden zilizopatikana kwa kadi ya wizi zinaweza kuchukuliwa tena kutoka kwako, na zile shilingi ulizomtumia, akishazitoa kwa wakala, kuzirudisha ni shida.

Ukija kwa huduma kwa wateja na malalamiko ya malipo ya Second Life, kuja na vitu viwili: nambari ya muamala iliyo kwenye ujumbe wako, na tarehe na saa kama ilivyoandikwa huko, ukitaja kwamba ni SLT. Ile ya tarehe 13 Novemba, 9:20 PM, tutaongeza saa kumi na moja na kuipata asubuhi ya tarehe 14. Ingekuwa Julai, malipo hayohayo ya 8:20 AM yangesoma 10:20 PM ya siku iliyotangulia, na tungeongeza kumi.